Simi Ina Ala, Panga Halina

Siku ya soko Kilgoris, Wagusii wanapovuka mpaka wa kaunti kwenda kuuza ndizi na kutafuta ng'ombe, wanaume wawili wanapishana njiani. Mmoja ni mzee wa Kimaasai mwenye simi kiunoni. Simi imo ndani ya ala ya ngozi nyekundu, mkanda umeikaza ubavuni, na kinachoonekana ni mpini tu. Wa pili ni mkulima kutoka upande wa Nyamache. Yeye ana panga mkononi, makali yametazama chini, bapa linametameta juani. Simi ni silaha, nayo imevikwa. Panga ni chombo cha kazi, nalo liko uchi.

Mwenye haraka atasema hiyo ni mila: hawa wana ala, wale hawana, basi. Lakini mila nazo huwa na sababu, na sababu ya hii inaweza kufuatiliwa hatua kwa hatua. Ukiifuatilia, utaona kwa nini panga la Kisii na Nyamira, kaunti mbili za Wagusii, lilikaa uchi miaka yote hiyo bila mtu kulalamika, na kwa nini sasa linahitaji kuvikwa.

Ala hufuata safari

Mfugaji hutembea. Anatoka asubuhi nyuma ya mifugo na kurudi jioni, fimbo mkononi, na simi yake inamfuata mwendo wote huo. Akiinama, akikimbia, akiketi chini ya mti, simi iko mwilini mwake. Kitu chenye makali pande mbili hakiwezi kukaa kwenye paja la mtu kutwa nzima bila kufunikwa. Ndiyo maana ala ya Kimaasai si pambo: ndani kuna vipande viwili vya mti vilivyochongwa vikalingana na bapa, na juu yake imeshonewa ngozi. Ubao ndio unaozuia makali, ngozi inaushikilia ubao.

Mkulima wa Gusii hakuwa na safari ya namna hiyo. Shamba lake liko mlangoni. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kwa kila kilomita moja ya mraba, Kisii ina watu zaidi ya 950 na Nyamira zaidi ya 670, wakati wastani wa Kenya nzima ni 82. Ardhi ya namna hiyo imegawanywa baba kwa wana, wana kwa wajukuu, mpaka migomba inagusa ukuta wa jiko na majani chai yanaanzia pale uwanja unapoishia. Panga linatoka nyuma ya mlango, linafyeka nyasi za nepia za ng'ombe, linakata mkungu wa ndizi, linachonga kigingi, kisha linarudi nyuma ya mlango. Safari yote ni hatua chache. Chombo kinachokaa mkononi au ukutani hakimdai mtu ala.

Tena panga si urithi wa vita kwa Wagusii. Silaha yao ya vita ilikuwa mkuki. Otenyo, mpiganaji wa Kigusii, alipomshambulia ofisa wa kikoloni Geoffrey Northcote mwaka 1908, na kusababisha msafara wa adhabu uliochoma nyumba na kuchukua ng'ombe, alimchoma kwa mkuki. Panga limezoeleka kama bidhaa ya dukani, jirani ya jembe na fyekeo, na mpaka leo linauzwa hivyo: bapa limepakwa vanishi au mafuta lisipate kutu, mpini wa mti au plastiki umepigwa ribiti, na hakuna kingine. Muuza duka hafikirii kifuniko kwa sababu mnunuzi hakiulizii.

Basi mpaka hapo hakuna kosa la mtu. Shida ni kwamba safari ya panga imerefuka, lakini desturi ya kulibeba imebaki ile ya hatua chache.

Leo kijana wa Bobasi asiye na shamba la kumtosha anafanya vibarua vya kupogoa chai vijiji vitatu mbali, na panga linapanda naye bodaboda. Mwenye ng'ombe wawili wa kufugia ndani hununua nepia kwa jirani wa ng'ambo ya barabara, na barabara yenyewe ina malori. Muuza miwa wa Keroka anaondoka nyumbani alfajiri na panga lake limo kwenye mkokoteni pamoja na mtoto. Mwanafunzi anayeanza kidato cha kwanza katika shule ya bweni mara nyingi hukuta jembe, panga au fyekeo kwenye orodha ya vitu vya kwenda navyo, na vyote hivyo vinapanda matatu pamoja na godoro na sanduku. Panga limekuwa msafiri, na halijapewa nguo ya safari.

Jeraha hutoka wapi

Ili kujua ala ingesaidia nini, lazima majeraha ya panga yatenganishwe, maana hayatoki mahali pamoja. Kuna ya kazini, kuna ya panga lililopumzika, na kuna ya njiani.

Ya kazini ndiyo yanayofikiriwa kwanza, na hayo ala haiyagusi. Mtazame mtu anayekata nepia. Mkono wa kushoto umekusanya mashina, wa kulia unashusha panga kwa mshazari karibu na ardhi. Akikata kuelekea kwake, makali yakipita shina huishia kwenye muundi wa mguu. Akishika shina chini mno, yanaishia kwenye kidole cha shahada. Dawa yake ni kusimama vizuri, kuvaa gambuti na kunoa panga. Ndiyo, kunoa. Panga butu hulazimisha nguvu, na nguvu ikizidi bapa linateleza pembeni badala ya kuzama. Wanaokata kila siku wanajua hili, ndiyo maana tupa haikosekani nyumbani mwao.

Majeraha ya panga lililopumzika ni ya aina nyingine, kwa sababu anayeumia mara nyingi si mwenye panga. Mtu amechoka, ameliweka kwenye majani, anakunywa uji. Mtoto anapita mbio. Au amelichomeka kwenye paa la jiko, na mama anapapasa gizani akitafuta kijiko. Au limelala chini ya kitanda kwa ajili ya wezi, na anayelifikia kwanza ni mtoto anayetafuta kiatu. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, lakini walikuwa wanazungumzia wembe. Panga halitoi somo dogo.

Wakulima wengi wana njia yao ya kulipumzisha: wanalichoma kwenye shina la mgomba. Shina hilo si mti. Ni maganda ya majani yaliyoviringana, laini, yamejaa maji, na makali yanazama humo mpaka nusu ya bapa. Kwa hesabu ya usalama peke yake, si wazo baya, kwa kuwa makali yamefichika na mpini unaonekana. Lakini njia hiyo ina gharama mbili. Kwanza, utomvu wa mgomba unatia weusi na kutu. Pili, na hili ni kubwa zaidi, panga ni mojawapo ya njia kuu za kueneza mnyauko wa bakteria wa migomba, ugonjwa uliobisha hodi Uganda mwaka 2001 na kuonekana magharibi mwa Kenya miaka michache baadaye. Panga likipita kwenye shina lenye ugonjwa kisha likachomwa kwenye shina zima, limepanda ugonjwa. Maofisa wa kilimo hushauri makali yapitishwe motoni au yaoshwe kwa dawa ya kufulia yenye klorini kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Kwa hiyo mgomba haufai kuwa ala, hata kama umefanya kazi hiyo kwa miaka mingi bila kulipwa.

Ya tatu ni ya njiani. Juu ya pikipiki panga hufungwa kwa mpira nyuma ya abiria, au hushikwa mkononi na abiria mwenyewe, na pikipiki ikianguka kila kilicho wazi hutafuta mwili. Ndani ya matatu linawekwa chini ya kiti, ambako miguu ya abiria wa nyuma ndiko iliko. Makanga mwenye busara humwambia abiria, "Mzee, hilo lifunge gunia kwanza," na mzee hukubali, kwa kuwa neno lenyewe ni la heshima na lina maana. Hapo ndipo mazoea mapya yanapoanzia, bila semina wala amri: chombo kimeingia mahali pa watu wengi, na mwenye mahali ameomba kivikwe.

Panga likishakata, mambo machache huokoa kiungo. Kidonda kibanwe kwa kitambaa safi kwa nguvu na bila kuachia, mkono au mguu uinuliwe juu, na majani ya kusagwa, majivu au majani chai yasipakwe. Kidole kikikatika kabisa, kifungwe kwa kitambaa safi, kitiwe kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko huo ndio ukae juu ya barafu, si kidole chenyewe. Na hata kidonda kidogo kinahitaji kuulizwa habari ya chanjo ya pepopunda, kwa sababu panga la shambani limeshika udongo na samadi kutwa.

Makali yanayosema

Hasara nyingine haihusu damu. Makali yaliyo wazi husema jambo, hata mwenye panga akiwa kimya.

Watu wa zamani walilijua hili. Morani wa Kimaasai alipokwenda mahali kwa amani alifunika ncha ya mkuki wake kwa kishada cha manyoya ya mbuni, na aliyemwona kwa mbali alijua hakuja kupigana. Kwenye bendera ya Oman jambia limechorwa likiwa ndani ya ala yake. Katika desturi hizo mbili, zilizo mbali sana, silaha haikufichwa. Kila mtu aliiona. Kilichofunikwa ni makali, na kufunika huko ndiko kulikotangaza nia.

Mpaka wa Borabu na Sotik, ambako Wagusii wanapakana na Wakipsigis, ulionyesha upande wa pili wa jambo hilo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani waliokuwa wakiuziana maziwa na mahindi katika vituo kama Chepilat walichomeana nyumba, na familia za pande zote mbili zikakimbia. Nchi nzima, tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Mkataba wa amani uliotiwa sahihi Februari 28, 2008 ulisimamisha mapigano, lakini kwa muda fulani baadaye mtu mwenye panga barabarani karibu na mpaka alikuwa na kazi ya kujieleza. Panga ni lile lile la nepia, barabara ni ile ile. Kilichobadilika ni jicho la anayetazama.

Sheria ya Kenya nayo inafanya kazi kwa jicho hilo la mazingira. Haijapiga marufuku panga, na haiwezi, kwa sababu ingepiga marufuku kilimo. Inachouliza ni hali ambayo panga limekutwa. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 308, inaweka kifungo cha kuanzia miaka 7 hadi 15 kwa mtu aliyekutwa na silaha hatari katika mazingira yanayoonyesha kwamba alikusudia kutenda kosa kubwa la jinai. Kanuni hiyo hiyo inamkataza mtu kutembea hadharani na silaha bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu. Katiba ya 2010, ibara ya 37, inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana, lakini kwa amani na bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inakataza silaha kwenye mikutano ya hadhara. Na katika kesi za wizi wa kimabavu, panga huhesabiwa kuwa silaha hatari bila ubishi mrefu.

Ukizisoma pamoja utaona kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa jembe asubuhi na silaha jioni, na kinachoamua ni saa, mahali, aliye nalo na namna alivyolibeba. Saa na mahali mara nyingi havimo mikononi mwa kibarua: ametoka kazini giza limeingia, na njia ya nyumbani inapita sokoni. Namna ya kulibeba ndicho kitu kimoja anachoweza kukiamua mwenyewe. Panga lililofungwa ndani ya kifuniko, likiwa pamoja na gambuti na kopo la uji, ni la mtu anayetoka kibaruani. Kifuniko hakimpi kinga ya kisheria, wala ofisa wa polisi halazimiki kukiamini, lakini kinampa jambo la kuonyesha kabla hajaulizwa.

Nchi nyingine zimejaribu njia ya kutazama umbo. England na Wales zilipiga marufuku, kuanzia Septemba 24, 2024, baadhi ya visu na mapanga marefu yenye ncha, yaliyotengenezwa kwa umbo na urembo wa kutisha. Panga la kawaida la shambani lilibaki halali. Hata huko lakini, kubeba kisu kikubwa hadharani kunahitaji sababu nzuri. Katika jamii ambamo mtu wa kawaida hana nepia ya kukata, sheria inaweza kuchagua umbo. Gusii haiwezi. Panga la mwizi na la mwalimu mstaafu limetoka rafu moja ya duka moja. Kwa hiyo tofauti lazima iwekwe na mbebaji.

Hapa pana pingamizi la haki: je, kufunika si kuficha? Mwizi naye hulificha panga ndani ya koti. Lakini ala na koti havifanyi kazi moja. Koti hulificha panga lenyewe ili usijue lipo. Ala huliacha panga lijulikane lipo, mpini nje, umbo lote likionekana, ila makali yamepumzishwa. Mzee wa Kilgoris hamfichi mtu simi yake. Ukiwa na shaka kama kifuniko fulani ni ala au ni maficho, uliza kama aliye mbele yako anaweza kutambua kilichomo. Akitambua, ni ala.

Pingamizi la pili ni la usiku. Wengi hulaza panga karibu na kitanda, na wanasema mwizi hatasubiri ala ivuliwe. Ni kweli ala hula sekunde mbili tatu. Ila nyumba inayoogopa mwizi ndiyo hiyo hiyo yenye ugomvi wa ardhi kati ya ndugu, wa mume na mke, wa baba na kijana aliyelewa. Katika ugomvi wa namna hiyo, ambao anayeshika panga ni mtu wa nyumbani na hakuwa amepanga lolote, sekunde mbili tatu ni nafasi ya mtu wa tatu kuingia kati.

Kulivika panga

Ala nzuri ya Gusii haiwezi kuwa nakala ya ala ya Kimaasai. Nyanda za Gusii hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na miezi ya ukavu wa kweli ni michache. Ngozi ikilowa hukaa na unyevu, na chuma cha panga, ambacho si kile kisichoshika kutu, huliwa humo humo ndani. Panga likirudishwa bichi kwenye ala ya ngozi Jumatatu, Ijumaa lina madoa mekundu.

Inayofaa ni ile isiyonywa maji. Rahisi kuliko zote ni kipande cha mpira wa kumwagilia maji, ule uliopasuka na kutupwa. Kikatwe kwa urefu wa makali, kichanwe upande mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha kivishwe juu ya makali kwa kupachika, na kifungwe sehemu mbili kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Kinafunika makali peke yake, bapa linabaki wazi na linakauka. Kinatoka kwa mvuto mmoja. Kwa safari fupi ya bodaboda, hicho kinatosha.

Anayetaka ala kamili ashone ya plastiki nene ya mtungi uliokwisha kazi, vipande viwili vilivyokatwa kwa umbo la panga. Kosa linalofanywa hapa ni kuvishona vipande hivyo viwili moja kwa moja. Makali yataukata uzi ndani ya wiki, na ala itafunguka upande ule ule ambao ingepaswa kulinda. Kati ya vipande viwili, upande wa makali, lazima uwekwe ukanda wa tatu, wa tairi kuukuu au plastiki ile ile, ili makali yaguse ukanda badala ya uzi. Chini kwenye ncha kuachwe tundu la kutoa maji na mchanga. Fundi viatu yeyote wa soko la Daraja Mbili mjini Kisii anaweza kuishona, kwa kuwa sindano na uzi wake ndivyo vinavyohitajika.

Kabla ya kuvikwa, panga lipanguswe likauke na kupakwa mafuta kidogo, hata ya kupikia. Hilo ni muhimu zaidi kama limeoshwa kwa dawa ya klorini kwa ajili ya mnyauko wa migomba, kwa sababu klorini hukiharakisha chuma kushika kutu. Lisuuzwe kwa maji safi kwanza. Na anayelitoa alani ashike ala upande wa mgongo wa panga, vidole visipite upande wa makali, maana ala mbovu hukata mkono ulioishika.

Yote haya hayahitaji mradi wala mfadhili, lakini yanahitaji mahali pa kuanzia, na mahali hapo si kwa kila mkulima. Shule inayoandika panga kwenye orodha ya wanafunzi inaweza kuongeza maneno mawili: "lenye kifuniko". Chama cha bodaboda kinaweza kukataa panga lililo wazi kama kinavyokataa abiria wa tatu, pale kinapokataa. Anayeajiri vibarua wa kupogoa anaweza kufanya kifuniko kuwa sharti la kazi, kwa kuwa kibarua aliyeumia njiani hafiki. Na mwenye duka la vifaa vya kilimo, ambaye tayari anakata mpira wa maji kwa mita, ana vipande vinavyobaki kila siku. Akimpa mnunuzi wa panga kipande kimoja bure, atakuwa amefanya zaidi ya mabango mengi ya usalama.

Kifuniko hakitamzuia aliyekusudia kuua. Hakuna ala iliyowahi kumzuia. Lakini majeraha mengi ya panga hayana muuaji ndani yake: yana mtoto, yana abiria, yana ndugu aliyekasirika kwa dakika moja. Kwa hao, mpira uliochanwa upande mmoja unatosha.